Mlango wa Kijani wa Nyumba ya Tabibu

Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyonayo ni ya safari moja tu, nikisimama njiani sitaanza tena. Kifungua mimba wangu, kaa hapa miguuni. Binti yangu, acha hizo shuka, umeshazikunja mara tatu. Na wewe mkamwana usitoke. Wewe unanigeuza ubavu kabla sijaomba, unaipoza chai yangu kwa kuimimina huku na huku kati ya vikombe viwili ukidhani sioni, kwa hiyo haya yanakuhusu sawa na hawa niliowazaa.

Ya mali ni machache, niyamalize kwanza. Nyumba hii ya vyumba viwili na jiko ni yenu wote, asiiuze mmoja bila mwenzake kujua. Cherehani ni ya binti yangu. Na lile kabati mlilonuniana tangu baba yenu alipofariki, kabati la mbao lenye kioo kilichopasuka, nimempa mkamwana, na ugomvi wenu ufe leo. Naona mmecheka. Vizuri. Muda mrefu sijawasikia mkicheka pamoja.

Lililobaki limo kwenye kopo la vifungo, chini ya mto wangu. Msiliguse bado.

Kazi yangu mnaijua kama watoto wanavyoijua kazi ya mama, yaani mnajua nilikuwa sipo. Miaka ishirini na mbili nilizunguka na maonyesho ya majengo ya kale ya makumbusho. Jengo lenyewe halisafiri, kwa hiyo mafundi walitengeneza mifano yake kwa mbao nyembamba na kadibodi, kila mmoja wa kuenea juu ya meza, majumba, masoko, madaraja, tukaipakia kwenye makasha na kuipeleka mji hadi mji, watu wakaja kutazama jinsi wazee wao walivyojenga. Mimi nilikuwa mfungashaji, na kilichovunjika njiani nilikitengeneza mimi. Baba yenu alikuwa akiwaambia wenzake, "Ninyi wake zenu wanalalamikia nyumba ndogo. Mimi mke wangu ndiye mwenye nyumba ndogo, tena ishirini na sita, na zote anazipangusa vumbi." Wakimcheka, naye alicheka. Alinipikia kila niliporudi. Sikuwahi kumwambia hili ninalowaambia.

Kulikuwa na mfano ulioitwa Nyumba ya Tabibu. Nyumba ya kweli ilivunjwa zamani kupisha barabara, kwa hiyo mfano ule ndio uliobaki, hakuna mahali pengine pa kwenda kuangalia. Mwaka mmoja lori lilipita njia mbaya, nilipofungua kasha nikakuta kuta mbili za chumba cha chini zimebanduka. Zilikuwa sawa kwa urefu na upana, tofauti yake moja, ukuta wa mbele ulikuwa na tundu la mlango na wa nyuma haukuwa nalo. Wageni walikuwa wanaingia baada ya saa moja. Mkuu wetu alikuwa amesimama mgongoni mwangu akihesabu dakika kwa sauti. Nikapaka gundi, nikazibandika, nikafunika kioo, akakifunga na kuondoka na ufunguo wake.

Siku ya tatu, nilipokuwa nakung'uta karatasi za kasha lile, ukaanguka mlango mdogo, hauzidi ukucha wa kidole gumba, umepakwa rangi ya kijani. Nikakimbia kuangalia. Nilikuwa nimezibadilisha kuta. Wenye tundu nimeuweka nyuma, umeegemea ukuta wa nje, haufungukii popote, na mzima nimeuweka mbele. Chumba hakina pa kuingilia.

Tatizo ni kwamba Redio alishanitangulia. Ndivyo tulivyomwita mwongoza wageni wetu, kwa sababu hakuzimika. Mwanafunzi mmoja alimuuliza, mbona chumba hiki hakina mlango? Mtu mwingine angesema sijui. Redio akasema, "Humo tabibu alimfungia mkewe. Akamjengea ukuta, chakula akampitishia dirishani." Watu wakashika midomo. Kesho yake wakaleta ndugu zao. Nilipomwonyesha mlango Redio akanikunjia vidole juu yake. "Dada, mlango gani tena? Wanakuja kwa ajili ya chumba hiki. Ukiurudisha, tutafunga mapema, na mimi na wewe tutarudi kukaa nyumbani."

Nyumbani baba yenu alikuwa ameanza kuumwa kifua, na ninyi mlikuwa shule. Nikauweka mlango kwenye mfuko wa aproni. Baadaye hadithi ikaandikwa kwenye kibandiko, halafu ikachapishwa katika kitabu cha maonyesho. Kila mji ilipokwenda ilikuwa kama tofali jingine limeongezwa kwenye ukuta ule, na mimi nilikuwa upande wa ndani. Nilijiambia gundi imeshakauka, haibanduki. Uongo. Mvuke wa birika unatosha, na fundi yeyote anajua.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante mama.

Katika mji fulani akaja mama mmoja wa makamo, peke yake, amevaa viatu vizuri vya kuendea mahali pa heshima. Alisimama mbele ya Nyumba ya Tabibu mpaka kundi likapita. Kisha akamwambia Redio kwa upole, "Tabibu huyo ni babu wa mama yangu. Chumba hicho kilikuwa na mlango wa kijani, haukufungwa hata usiku. Wagonjwa wasio na pa kulala walilazwa humo, na mkewe ndiye aliyewauguza." Redio akamjibu kwamba sisi tunafuata wataalamu. Yule mama akanigeukia mimi niliyekuwa nafuta kioo. "Mwanangu, wewe upo nayo kila siku. Hujawahi kuona mlango?"

Mlango ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika, nikauhisi.

Nikamwambia, "Sijauona, mama."

Hakubisha. Akaona kidole changu kimekatwa na ukingo wa kioo, akatoa leso yake, akanifunga, akakaza fundo kwa meno. Akaniandikia anwani yake kwenye kipande cha karatasi, akasema nikija kusikia lolote nimwandikie. Leso ninayo. Karatasi ninayo, na mlango pia, vyote vimo kwenye kopo hili. Kuandika sikuandika. Angenitukana ningesahau, wanangu, lakini ule wema umenifungia miaka thelathini na moja.

Sasa wewe, kifungua mimba. Redio alipostaafu ni mimi niliyekuombea nafasi yake, na nilijua nakuingiza wapi. Jumatatu mkamwana alinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ukumbini nione maonyesho, nami nikakusikia. Unaisimulia vizuri kuliko Redio. Ulishusha sauti pale kwenye dirisha la chakula, binti mmoja akalia. Nikatamani ardhi inimeze, maana uongo wangu ulikuwa na sauti yako.

Najua unachotaka kusema. Kitabu kimechapishwa, una wakubwa juu yako, una watoto, watakuuliza siku zote ulikuwa wapi. Yote hayo nimeshajiambia, kwa maneno hayo hayo. Sitakulazimisha. Mwaka ule mimi nilikuwa na sababu nzuri, na ndizo zilizonileta hapa nilipo.

Leo ni Ijumaa, jioni mnafunga makasha. Ukiamua, chemsha birika, elekeza mvuke kwenye kona za ukuta wa mbele na wa nyuma, pitisha wembe taratibu, usivute. Zibadilishe kuta. Mlango ubandike ukiwa wazi nusu. Wakuu wako waambie ni mimi, andika jina langu, simuogopi tena mtu. Halafu nenda kwenye anwani ile. Kama yule mama yuko hai, atakuwa amezeeka sana, zungumza naye karibu na sikio. Kama hayupo, mwambie aliyepo. Mrudishieni leso. Binti yangu, ifue na uipige pasi.

Redio nimemsamehe. Naye alikuwa na watoto.

Njoo, baba. Nyanyueni mto... hivyo. Lichukue kopo. Macho yangu ni ukungu tu, lakini masikio yapo. Kifuniko kigumu hicho. Minya pembeni.

Hapo. Nimekisikia. Nani amefungua? Hapana, usiseme, nishike tu... Ni wewe. Mkono wa baba yako kabisa.

Basi. Mungu awape nyumba ambazo mgonjwa akizifikia hahangaiki kutafuta pa kuingilia. Mkanywe chai pamoja. Mpendane hata siku ambayo... hata siku hizo. Mkamwana, wewe Mungu akupe mtu wa kukugeuza ubavu kabla hujaomba.

Nenda, baba. Ukumbi bado haujafungwa. Usiniage, nenda tu. Na mlango wa chumba... uacheni wazi hivyo hivyo, nisikie hatua zake.