Habari Zimfikie Gerson Luhende, Popote Alipo

Baba Paroko, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Lusu, wanaukoo wa Luhende, majirani wa Gongoni, Tabora mjini, mliosindikiza jeneza tangu alfajiri, pamoja na ninyi wageni wa mstari wa nyuma ambao hamjajitambulisha wala hatutawauliza, familia imenituma mimi Xavery, mdogo wa mjane, niwasomee maisha ya shemeji yangu, na naomba mnivumilie maana usingizi sijauona tangu Jumanne.

Marehemu Gerson Luhende alizaliwa hapa Lusu tarehe 3 Machi 1953, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Luhende, Mmoraviani wa kukata na shoka, na Bi Dafrosa, Mkatoliki asiyeyumba, ambaye nyumbani walimwita mayu, yaani mama, na mdogo aliyemwachia ziwa ni Mzee Ezekia, yule pale aliyeshika kofia. Baba yao alifariki mwaka 1971, na tangu siku hiyo Bi Dafrosa aliwalea wanawe kwa jembe na kwa kauli nzito, akiwaambia kwamba siku atakapokufa anawataka wote wawili kaburini wakimlaza, mkubwa kichwani na mdogo miguuni.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1961, akaendelea Puge, mahali tulipopita leo asubuhi dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa na mtu, kisha akasoma sekondari Tabora mjini hadi mwaka 1973, akaingia Jeshi la Kujenga Taifa, na huko ndiko watu fulani walikompenda kwa sababu alikuwa msikilizaji mzuri na msahaulifu wa hasira.

Sasa nafika kwenye kazi, kipande ambacho katika historia za watu wengine huwa kirefu hadi waombolezaji wanaanza kutazama jua, lakini kwa Gerson mistari tuliyokuwa nayo ilikuwa miwili tu, kwamba aliajiriwa serikalini mwaka 1976 na akastaafu mwaka 2013. Sisi wakwe zake tulimjua kama afisa wa mambo ya nyuki, tukamtania kwamba hakuna afisa nyuki mwingine Tanzania nzima anayeogopa nyuki, naye alicheka na sisi, akatugawia asali, akasafiri tena. Leo tumeruhusiwa kusema machache zaidi, kwamba marehemu alikuwa mtumishi wa usalama, na kwamba kwa miaka mingi alipita njia ile ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kwenda Urambo, Uvinza hadi Ujiji, na mara nyingine akavuka ziwa, akijulikana huko kama Ambrosi, mnunuzi wa asali na nta. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi katika njia hiyo hiyo, alibeba mizigo ya watu bila kuuliza ndani mna nini, na mjukuu akaajiriwa kujua ndani mna nini.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na dada yangu Apolinaria tarehe 24 Oktoba 1981 mjini Tabora, wakajaliwa watoto watatu, Koleta mwaka 1982, Valentino mwaka 1985 na Imakulata mwaka 1990. Dada alizoea mume asiyesema anakwenda wapi, alizoea kusimamia ubatizo na kipaimara peke yake, alizoea hata kuulizwa na majirani kama ana mume kweli, lakini kuna jambo moja ambalo hakulizoea. Tangu mwaka 1996 Gerson hakutaka redio isikike wakati wa chakula cha jioni, na matangazo ya vifo yakianza aliinuka, akaizima, akarudi kula bila neno, wala hakugusa tena dagaa maishani mwake, na watoto wakakua wakidhani baba yao ni mtu asiyejali misiba ya wenzake.

Hapa ndipo penye kidonda, na wazee wa Lusu wanakijua. Tarehe 14 Agosti 1996 Bi Dafrosa alifariki, na Ezekia, asijue kaka yake yuko wapi, alifanya kama tunavyofanya sote, akapeleka tangazo redio ya taifa, likasomwa jioni hiyo kwamba Ezekia Luhende wa Lusu, Nzega, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, na habari zimfikie kaka yake Gerson Luhende, popote alipo. Walimsubiri hadi mwili haukuweza kusubiri zaidi, wakazika, na mahali pa mwana wa kwanza, kichwani mwa kaburi, pakabaki wazi.

Gerson alifika baada ya arobaini, na mfuko wa sukari mkononi, akasema alikuwa semina Dar es Salaam. Ezekia alimtazama mbele ya ukoo mzima akamuuliza, "Semina gani hiyo isiyokuwa na redio?" Gerson akauweka mfuko wa sukari chini, na Ezekia akatamka kwamba mtu aliyeitwa na redio ya nchi nzima akakataa kumzika mama yake hatalazwa karibu naye, na kwa miaka yote iliyofuata ndugu hawa hawakupeana hata shikamoo na marahaba.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito, na katika wiki zile ndefu za kugeuzwa na kuogeshwa alimwambia mkewe kwamba anataka kuzikwa Lusu kwa mayu, kisha, neno moja leo na jingine kesho, akamweleza kwa nini hakuja. Dada alimtumia Ezekia ujumbe, naye akajibu kwamba mgonjwa husema lolote. Gerson akaaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, nyumbani kwake Gongoni, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, bila kujua atalazwa wapi.

Jumatano dada yangu, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuinuka kwenye mkeka, aliinuka, akaja hapa Lusu na Mzee Bernardo, aliyekuwa mkubwa wa Gerson kazini, ambaye sasa anatembelea mkongojo na amechoka kama tulivyochoka sisi. Mzee Bernardo alimweleza Ezekia kwamba jioni ile Gerson alikuwa ng'ambo ya ziwa, sebuleni kwa watu waliokuwa wakipanga kuingiza silaha katika makambi ya wakimbizi upande wetu, na watu hao waliisikiliza redio yetu kila siku kujua tunajua nini. Tangazo lilisomwa wakiwa mezani, jina lake kamili, jina la mama yake, jina la kijiji, na mmoja wao akageuka akamuuliza, "Ambrosi, hao si watu wa kwenu?" naye akajibu kwamba Nzega ni kubwa. Silaha zile hazikupita, na kwa kuwa hazikupita hakuna kilichotokea, na jambo lisilotokea halina anayelishangilia. Mzee Bernardo akasema tena, "Kukaa kimya aliporudi niliamuru mimi, si yeye, na amri ile sikuwahi kuiondoa."

Ezekia akauliza jioni ile walikuwa wanakula nini. Dada akasema ugali na dagaa. Akauliza, "Na aliumaliza?" Dada akasema aliumaliza, maana angeacha tonge sahanini wangejua, na hapo Mzee Ezekia akalia kwa sauti mbele ya mwanamke, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo sitalisoma hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Gongoni kwa kuni, maji na kukesha, waumini wa jumuiya, vijana wa Lusu waliochimba kaburi kwenye udongo huu mkavu wa Septemba, pamoja na wote waliofanya kazi na marehemu, waliotajika na wasiotajika. Shukrani za mwisho ni kwa binti mmoja wa redio ya pale mjini, aliyempokea Mzee Ezekia Jumatano jioni akitaka kutangaza kifo cha kaka yake, akaandika majina ya wa kuarifiwa, Koleta, Valentino, Imakulata, ukoo wote, na alipofika jina la mwisho akauliza mama huyo anaishi wapi, akaambiwa hapo hapo Lusu, akaandika bila kubisha. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1996, redio ilikuwa wazi Gongoni wakati wa chakula, na dada yangu akasikia ikisomwa kwamba habari zimfikie Bi Dafrosa wa Lusu, popote alipo, kwamba mwanawe Gerson anakuja.

Kaburi limechimbwa kichwani pa mayu. Pumzika, Gerson, umefika.