Mkusanya Milio ya Milango

Mle basini, mshonaji alikuwa ameketi na mtu asiyemjua, mzee mzima na tai yake, ambaye kila kituo aliinyoosha simu kuelekea mlangoni.

"Baba, kwema kweli?"

"Kwema, mwanangu. Nakusanya milio ya milango. Nyumbani wanasema nimeingiwa na wazimu."

"Hawajakosea," mshonaji alicheka, lakini ulimi ukamwasha. "Mlango wa mama yangu unalia kama mbuzi. Usichana wangu wote, nikichelewa kurudi, ndio uliokuwa ukinichongea."

"Na bado unalia?"

"Unalia. Mama ndiye hayupo. Kesho tunamkabidhi mnunuzi nyumba."

Basi liliposimama, mshonaji alichukua kikapu chake, akafika mlangoni, akageuka.

"Baba, hiyo simu ina chaji?"