Sikio la Mgonga Mwamba

Mwamvua alikuwa ametoka kuuguza Kahama na alitaka kusinzia tu hadi Segese, lakini wanaume wawili waliokaa naye kiti cha nyuma cha mchomoko, gari dogo la abiria, hawakumpa nafasi.

"Kila sikio lina umbo lake, mzee," alisema Edson, muuza hedfoni, aliyekwisha kulipiga picha sikio la Mzee Ndaki kwa simu. "Programu inalisoma, halafu inakupangia sauti yako peke yako." Mwamvua aliwaza kwamba Mungu alishaipanga bure.

Mzee akavaa hedfoni. Edson akamwagiza: kila akisikia mlio, ainue kidole. Milio mikubwa aliiinulia kidole upesi. Ilipofifia, kidole kikalala gotini.

"Mbovu hii," akasema.

Edson akaijaribu mwenyewe, akaisikia milio yote. "Ni nzima, mzee. Labda masikio."

"Masikio haya? Duarani, kule shimoni kwenye dhahabu, mimi ndiye ninayegonga mwamba wa juu kwa nyundo kabla vijana hawajashuka. Ukilia kama debe tupu, ujue unataka kuanguka; hashuki mtu."

"Sasa mzee, kama husikii..."

"Nimesema ni mbovu!"

Usingizi ulimruka Mwamvua. "Duara la nani hilo, baba?"

"La Kalisti."

Amosi, mwana wa Mwamvua, alishuka humo kila asubuhi.

Gari likasimama Segese. Mzee akarudisha hedfoni, akaokota nyundo yake miguuni, akashuka.

"Mzee Ndaki," Mwamvua akamwita mgongoni, kwa sauti ya kawaida. Akarudia. "Mzee Ndaki."

Hakugeuka.