Mama Jelimo, Aliyewanyang'anya Wageni Ugeni Wao

Baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chetu hapa Randburg, Johannesburg, Mama Jelimo Rotich anastaafu tarehe 30 Juni. Jarida la chuo litamuaga kwa Kiingereza. Maneno haya ni yetu sisi tuliozoea kumsalimia kwa Kiswahili, na mwandishi ni mimi, Octave, fundi wa tovuti.

Alianza akiwa karani wa usajili, akapanda hadi kusimamia ukurasa wa wanafunzi wa kigeni kwenye tovuti ya chuo. Chai yake ilikuwa ya maziwa. Aliyeomba ya rangi aliulizwa anaumwa nini.

Ukurasa huo ulikuwa na picha iliyosifiwa mno: wanafunzi wanane wamekumbatiana, wanacheka, bendera nyuma yao. Chini yake paliandikwa, “Karibuni, wageni wetu.” Mpiga picha alipofunga kamera, kila mmoja alibeba chakula chake akaenda kula peke yake. Muda si mrefu Héritière wa Goma, mmoja wa waliocheka pichani, akaandika chini ya picha hiyo: “Mama, niko mugeni mpaka siku gani?”

Swali hilo lilimchoma Mama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema, na majembe akayagawa kweli. Héritière akapewa kujibu wanaoandika kutoka Kongo. Karimu wa Kigoma, kuwasaidia wanaotafuta vyumba mtaa wa La Rochelle, hapa hapa jijini. Picha ikatolewa, yakawekwa majina ya watu wa kuwaandikia, la Mama likiwa la kwanza. Siku hizi anayeuliza akiwa bado kwao hujibiwa na mtu aliyepita njia hiyo hiyo.

Sasa anarudi Eldoret, kwenye nyumba aliyoijenga kwa simu. Mumewe amezikwa hapa Johannesburg, na watoto wamebaki hapa na Kiingereza chao. Kule majirani ni wapya. Hulisema hilo akicheka, lakini sisi hatudanganyiki: Mama anaogopa upweke.

Ameomba zawadi moja tu, jina lake lisitolewe kwenye ukurasa, ili walau mtu amwandikie. Chuo kimekataa, kwa kuwa si mfanyakazi tena. Jumatatu litatoka, na mkono utakaolifuta ni wangu.

Asante, Mama, kwa kila aliyeuliza ukamjibu. Safiri salama, uzee wako uwe mwema, na Mungu akupe majirani wanaobisha hodi.