Khalayi na Msamaha wa Kodi wa Kiwanda

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati inayopitia misamaha ya kodi, viongozi wa dini, wazee wa mtaa, majirani: hamjambo?

KARIBU
Karibu mtaani kwetu, Lucky Summer. Viti ni vya kuazima, lakini furaha ni yetu wenyewe. Anayesoma ni Ndanu, katibu. Maneno ni ya sote.

TULIKOTOKA
Sisi ni wakazi na vibarua wa viwanda vya upande wa Baba Dogo. Tulianza kama chama cha kuzikana. Baadaye tukaona afadhali tusaidiane tungali hai.

TUNACHOJIVUNIA
Tulichanga tukajenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati ya mtaa. Muuguzi tuliahidiwa. Bado tunamngoja.

YALIYOMPATA MWENZETU
Changamoto ni nyingi, Mheshimiwa. Tumeamua kukusimulia moja.

Khalayi, yule aliyeketi mstari wa pili, alifungasha sabuni kiwandani miaka kumi na mmoja. Kiwanda hicho kilisamehewa kodi ili kituajiri. Msamaha ulipokaribia kwisha, meneja aliwaita wafanyakazi, akawawekea mezani barua ya kuomba uongezwe.

"Tukitozwa, nusu yenu mtarudi nyumbani," akasema. "Weka sahihi, mama, ulinde unga wako."

Khalayi akaweka. Hatumlaumu, wengi wetu tuliweka.

Wiki hiyo hiyo jirani yake, Batulo, alishikwa na uchungu asubuhi. Khalayi akamkokota hadi zahanati. Chumba chetu kilikuwa na kufuli.

"Muuguzi hajaajiriwa, mama," karani akamwambia. "Kodi inayokusanywa haitoshi."

Batulo alijifungulia kwenye benchi la nje, Khalayi na wanawake wawili wakimsitiri kwa leso. Mtoto ni mzima. Anaitwa Ilwad. Lakini Khalayi hakuwa tena yule wa juzi.

Jumatatu alimwendea meneja.

"Ile barua, nataka kuuliza. Nyinyi mkisamehewa, anayelipa ni nani?"

"Nani amekufunza siasa?"

"Hakuna, mwanangu. Nikinunua sabuni hii hii dukani, nalipa kodi. Nikinunua mafuta ya taa, nalipa. Mimi sijawahi kusamehewa."

Kesho yake jina la Khalayi halikuitwa langoni. Huu ni mwezi wa tatu hana kazi.

TULIVYOBISHANA
Usidhani tuna kauli moja. Phares wa stoo bado anafanya kazi humo na ana watoto wanne. Anataka msamaha uendelee. "Kiwanda kikihamia nchi jirani, tutakula hiyo haki?" alituuliza, akasisitiza tuliandike swali lake. Tumeliandika, kwa sababu ni swali la kweli. Tunajua kodi ya kampuni inaweza kumshukia kibarua, au kupanda juu ya bei ya kipande cha sabuni. Tunajua pia kwamba miaka yote ya msamaha, bei haikushuka wala vibarua hawakuongezeka.

Mikutano mitatu ilitufikisha hapa: haki si kumkamua mwenye mali, wala si kumbembeleza. Kila bega libebe kadiri yake, na anayepunguziwa mzigo atueleze mbele ya watu ni kwa nini, na ni nani ameubeba badala yake.

MAOMBI
Ile barua ya meneja, yenye sahihi zetu, iko mezani pako. Tunaomba usiisome kama ridhaa. Ni hofu.

Tunaomba kila msamaha uwe na masharti: ajira ngapi, kwa muda gani, na yatangazwe hapa mtaani, kwa lugha tunayoielewa.

Tunaomba muuguzi.

Kuhusu Khalayi, tulitaka kukuomba umpigie simu mwenye kiwanda, arudishwe kazini. Tulikuwa tumeshaiandika aya hiyo. Yeye mwenyewe akatukataza.

"Ifuteni," alisema. "Nikirudi kwa simu ya mheshimiwa, huo nao utakuwa msamaha. Mimi nataka sheria."

Tumeifuta.

Mungu akujalie sikio pana na safari njema, na nyumbani kwako pasikose wa kukuambia kweli.

Ni sisi,
Chama cha Tushikane, Lucky Summer.