Mwalimu Aliyewafundisha Watoto Kuitika

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu mliotoka Itaga na majirani wa Ipuli, shikamooni. Mimi ni Koleta, mke wa Wilbroad, mtoto wa mwisho wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu mama mwenyewe aliagiza historia yake niisome mimi, ingawa wote mnajua sijazoea kusema mbele ya watu. Jina lake mmeliona limeandikwa msalabani, na kwa kuwa kwa desturi yetu mkwe hatamki jina la mama mkwe, nimewaomba wazee ruhusa ya kulitaja leo, nao wameniruhusu, lakini naomba mnivumilie nifike mwisho.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Itaga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ambrosi Mihambo na mama Advera, wakulima wa mahindi na karanga, akasoma shule ya msingi hukohuko kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha mwaka 1976 akapelekwa kwa masista kujifunza malezi ya watoto wadogo kwa mwaka mmoja. Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na baba yetu Mathias Lugendo, fundi wa reli hapa Tabora, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wanne, yaani Yustina, mapacha Kulwa na Doto, na Wilbroad. Kulwa alifariki akiwa na wiki tatu, lakini mama alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu wanne hadi mwisho.

Mwezi Januari 1982 alianza kufundisha chekechea ya kigango hapa Ipuli, akaifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na saba, hadi Desemba 2018. Alipenda kutusimulia kosa lake la mwezi ule wa kwanza, alipoita majina kila asubuhi na mtoto aitwaye Saidi hakuitika, naye akamwandika mtoro siku nane mfululizo, mpaka mama wa mtoto alipokuja akiwa amekasirika.

“Mwalimu, mtoto namleta mwenyewe, namwacha mlangoni pako, halafu unamwandika mtoro?”

“Saidi hajawahi kuitika, mama.”

“Si huyo hapo mbele yako! Ila nyumbani tunamwita Babu, kapewa jina la baba mkwe wangu, sasa mimi nitalitamkaje?”

Mama yetu alisema alimtazama yule mtoto, aliyekuwa amekaa kimya siku zote nane akisubiri kuitwa kama wenzake, akaona haya, na tangu mwaka ule, kila Novemba, kabla mvua hazijakolea, alipita nyumba kwa nyumba hapa Ipuli na kule Cheyo, penye mtoto wa kuanza shule, akakaa na wazazi. Alifundisha watoto kufungua kikombe cha uji, kuvua na kuvaa viatu, kuomba kwenda chooni bila kuogopa, na kuitika majina yao, na wazazi aliwafundisha kuaga, maana alichukia sana mzazi anayemtoroka mtoto akiwa ametazama pembeni, akisema huyo amemwibia mwanawe na kesho hataaminiwa. Baba mmoja wa Cheyo alipoulizwa jina la mwanawe la shule alisema, “Subiri mwalimu, nikatazame kadi ya kliniki,” mama akamjibu, “Katazame, nami nakaa hapa mpaka ulikariri.” Alistaafu, lakini matembezi hayo ya Novemba hakuyaacha, na wengi mlioko hapa mliletwa na wazazi wenu mkononi mwake, kisha mkawaleta wanenu.

Kazi aliyoshindwa ilikuwa ya nyumbani kwake. Tarehe 19 Machi 2021 nilijifungua binti, Wilbroad akampa jina la mama yake, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima hapakuwa na wa kulitamka, baba yake anamwita Mama, shangazi yake Yustina anamwita Mama, na mimi pia. Mwaka huu mwezi Agosti, kwa kuwa Januari mtoto ataanza shule, mama alianza kumwita kwa jina lake, mtoto akacheka akasema, “Hilo ni lako, Bibi, mimi ni Mama.” Ndipo akaniambia ni lazima nimwite mimi. Nilikataa kwa heshima, akaniambia, “Mwalimu wa Januari hajui kwamba wewe ni mkwe wangu. Mimi nimeshaona unaniheshimu, Koleta, sasa mheshimu na mtoto.” Nilisema nitajaribu, nikawa najaribu peke yangu jikoni.

Mama aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2017, akaishi nacho kwa uangalifu, lakini Oktoba mwaka huu mguu wake ulipata kidonda kisichopona, figo zikadhoofika, akalazwa tarehe 18 Novemba, ukiwa ni mwezi wake wa kutembelea watoto. Jumapili tarehe 30 aliniuliza, “Umeshamwita?” Nikasema, “Bado, mama.” Akasema, “Haya, siku zipo.” Alifariki Jumanne tarehe 2 Desemba 2025, saa nne asubuhi.

Siku hiyohiyo, watu wakiwa wameshajaa uani, nilimwona binti yangu amesimama peke yake karibu na mtungi, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Aligeuka akatazama njiani, akidhani bibi yake anakuja. Nilimshika nikamwambia ni yeye ninayemwita, lakini mpaka jana jioni hakuwa ameitika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu aliofanya nao kazi, jumuiya yetu, akina mama mliopika tangu Jumanne, mzee Rasiklal wa dukani aliyetuletea maturubai, na majirani wote, maana hatuwezi kumtaja kila mmoja.

Nina ombi moja. Mume wangu, wifi Yustina, shemeji Doto, nanyi majirani, mtoto huyu amekaa hapa mbele, amevaa gauni la bluu, na shule inafunguliwa mwezi ujao. Anaitwa Apolinaria. Akipita kwenu mwiteni hivyo, na asipoitika mwiteni tena, hata kama mnaona haya kama mimi.

Nawe mama yetu, Apolinaria Ambrosi Mihambo, lala kwa amani ya Bwana, watoto wa Januari tutawaandaa sisi.