Kipande cha jembe ambacho maziwa yangu hayakukitoa

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kirolirwe! Leo sikuja kuongeza ushuhuda. Nimekuja kusahihisha ule niliowapa, na mtanisikiliza mpaka mwisho.

Mnakumbuka nilisimama hapa hapa, mtoto mgongoni, nikasema Mungu ametoa uchafu ndani ya jicho langu. Mkapiga makofi. Mimi mwenyewe niliamini. Nilikosea.

Ilikuwa majira ya kupanda maharagi. Jembe langu lilikuwa limelegea kwenye mpini, nikaligonga kwa kisogo cha shoka. Chuma juu ya chuma. Kitu kikaruka, kikanichoma jicho la kuume kama siafu, kisha basi. Damu hakuna. Mama mkwe akasema, "Tia maziwa. Si unanyonyesha? Dawa unayo kifuani." Wote mnaijua desturi hiyo, hata majirani huja kwangu na kijiko kuomba matone. Nikakamua, nikatia. Siku ya tatu maumivu yakapoa. Tukasema: kimetoka!

Ndugu zangu, hakikutoka. Kilikuwa kimeingia.

Wiki chache baadaye jicho likaanza kuona moshi. Nikifunga la kushoto, uso wa mtoto wangu Neema unapotea, inabaki kofia tu. Nikamwambia mume wangu. Naye: "Ulishashuhudia mbele ya kanisa. Sasa watu watasema nini?" Na mama mmoja wa maombi, sitamtaja, ameketi humu, akanicheka: "Eh, Mama Neema! Mungu amekuponya, weye unaenda kumushitaki kwa enfirmie?" Haya ikanifunga wiki mbili zaidi. Hizo wiki mbili zinanikasirisha mpaka leo. Niliwakasirikia ninyi, nikajikasirikia mimi.

Asubuhi moja nikafunga mtoto mgongoni, nikashuka kwenye kituo cha afya. Enfirmie, yule muuguzi wa pale, akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

"Mama, wakati iliingia ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nagonga jembe."

"Na nini?"

"Na shoka."

Akaweka kalamu chini. "Chuma kwa chuma, kipande inapenya. Basi haikutoka, mama. Iko mule ndani. Usiguse tena. Leo leo njo unaenda Goma."

Goma wakapiga radio ya kichwa, ile picha ya kuona mifupa. Doa jeupe likaonekana, dogo kama mbegu ya mboga ya lengalenga. Dokta akasema chuma kimeanza kushika kutu ndani ya jicho. Kingekaa, jicho lingezimika kabisa. Akanipasua, akakitoa. Asante Yesu!

Sitawadanganya mara ya pili. Kwa jicho hilo Biblia siisomi. Naona mlango, naona rangi za nguo zenu. Lakini nikifunga la kushoto, Neema namuona: pua, na meno mawili ya chini.

Namshukuru Mungu aliyetia swali lile kinywani mwa enfirmie. Mumtumaini, ndugu zangu, lakini mumtumaini mkiwa njiani! Chuma kikiruka jichoni usisugue, usitie kitu. Funika bila kukandamiza, uende siku ileile, hata kama haiumi.

Na yule atakayekuja tena kwangu na kijiko, maziwa sitampa. Nitavaa viatu, nitamshika mkono, tushuke naye.